Tukuyu, na Haki ya Paa la Motokaa

Msafiri atokaye pande za Iringa, kabla hajauingia mji wa Mbeya, hufika njia panda ya Uyole. Ikiwa nia yake ni Rungwe, basi hapo huiacha barabara kuu iendayo Zambia akashika mkono wa kushoto. Kutoka Uyole mpaka Tukuyu ni yapata kilomita 60 tu, lakini ni kilomita za namna ya peke yake. Akiisha kupita Igawilo, njia huanza kuipanda milima ya Uporoto, na hupanda hata ikapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ikaingia garini mchana kweupe. Kando ya njia ni viazi na pareto. Akifika Isongole, mkono wa kulia ndiko iliko njia ya miguu iendayo Ziwa Ngosi, lililo ndani ya shimo la mlima uliokuwa ukitoa moto zamani za kale. Na mkono wa kushoto, kama mawingu yameridhia, huuona Mlima Rungwe wenyewe, urefu wake mita 2,960. Kisha ni kushuka mpaka Kiwira, ambako mto umejipitishia chini ya mwamba, na watu wakapaita pahala pale Daraja la Mungu. Na baada ya hapo ni migomba na chai, chai na migomba, hata Tukuyu.

Mji huu Wajerumani waliuita Neu Langenburg, na majeshi ya Kiingereza yakauteka mwaka 1916. Umekaa juu ya mgongo wa kilima, na kwa upande wa kusini nchi huteremka kwa ghafula mpaka Kyela na Ziwa Nyasa, tofauti ya kama mita 1,000. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, nayo ni zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Mwenyeji hutoka na mwavuli kama sisi tutokavyo na kofia. Nguo iliyofuliwa Jumatatu yaweza kuanuliwa Alhamisi nayo bado haijakauka sawasawa. Lakini kwa mvua hiyo hiyo Mwenyezi Mungu ameijaza nchi ile ndizi, parachichi, maharage na maziwa, na amewajaza watu wake ukarimu. Kwani Mnyakyusa hamwachi mgeni akaondoka mikono mitupu, wala hampi kidogo.

Twayataja haya kwa sababu habari tunayotaka kuisimulia ni ya mzigo na pahala pa kuuweka, na wala haifahamiki vema pasipo kuijua nchi yenyewe. Katika miaka hii wengi katika ndugu zetu wamejaaliwa kununua motokaa za familia, zile ndefu za kwenda juu, na ifikapo likizo ya Desemba huzijaza watoto na bibi na babu wakaenda kuunga udugu mikoani. Kuunga udugu ni ibada. Lakini tumeona njiani namna watu wanavyopakia mizigo juu ya mapaa ya magari hayo, tukaona inafaa kusema neno, hasa kwa vijana, ambao ndio washikao usukani.

Desemba 2024 tulitoka Morogoro kwenda Tukuyu, mwendo wa yapata kilomita 700, kwa gari la mkwe wetu aina ya Prado. Tulikuwa watu saba. Na hapa ndipo panapoanza matata ya gari la viti saba: linapokuwa na watu watano, nyuma huwa na nafasi ya kutosha, lakini viti viwili vya nyuma vikiinuliwa na watu wakakaa, buti huwa halipo tena, hubaki uwazi mwembamba wa kutia mabegi mawili yaliyosimama. Wengine hutatua jambo hili kwa kuwapakatisha watoto mabegi, na kuweka mengine miguuni na mengine nyuma ya vichwa. Tumeliona hilo mara nyingi, nalo ni baya, maana gari likifunga breki kwa nguvu begi lile hugeuka jiwe. Kwa hivyo mkwe wetu alinuia kununua kasha la kufunga juu ya gari, na akatuomba tufuatane naye kwenda kulitazama. Sisi hatuna motokaa, ila tuna macho, na tuna mazoea ya kuuliza.

Vitu vya kubebea juu ya gari ni vya namna tatu. Ya kwanza ni keria ya chuma, ambayo fundi yeyote wa kuchomelea huweza kuiunda, na mzigo hufunikwa kwa turubai na kufungwa kwa kamba. Bei yake ni nafuu, lakini ina aibu mbili. Keria yenyewe ni nzito, nyingine zafika kilo 40, na turubai katika mvua ya Rungwe halifui dafu: upepo wa mwendo huliinua pembeni, maji yakaingia, kisha mzigo uliolowa ukazidi uzito. Ya pili ni mfuko mkubwa wa turubai zito wenye zipu, ambao huweza kukunjwa na kuwekwa kabatini safari ikiisha. Wafaa kwa mtu asafiriye mara moja kwa mwaka, ila hauna kufuli la maana, na kisu kidogo huufungua. Ya tatu ndiyo kasha lenyewe, la plastiki ngumu, lenye kifuniko cha bawaba na kufuli, ambalo sura yake imechongwa mbele ili lipasue upepo. Makampuni ya Ulaya kama Thule la Sweden, lililoanzishwa mwaka 1942, yamejulikana sana kwa vitu hivi, na katika maduka yetu huja mapya na huja ya mtumba.

Muuza duka alituonyesha kasha kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Alilifungua akasema, "Mwalimu, humu unaingiza nyumba nzima." Nalo kweli lilikuwa na nafasi ya kama lita 500. Tukamwuliza, "Nafasi tumeiona. Je, linabeba kilo ngapi?" Akacheka, akasema kasha hilo ni imara, halina habari ya kilo.

Hapo ndipo penye mzizi wa maneno yetu yote. Kila paa la gari lina kipimo chake ambacho aliyelitengeneza amekiandika katika kitabu cha gari, na kwa magari mengi ya familia kipimo hicho ni kati ya kilo 75 na 100. Shida ni kwamba magari yetu mengi huja yamekwisha kutumika Japani, na kitabu chake, kama kimekuja, ni cha Kijapani. Haidhuru, yuko kijana katika kila mtaa awezaye kukitafuta kitabu cha gari hilo hilo kwa Kiingereza katika simu yake, na inapasa atafute kabla ya kununua, si baada. Kisha wengi hudhani kwamba kilo hizo 75 au 100 ni za mzigo. Sivyo. Ni za kila kitu kikaacho juu ya paa: vyuma viwili vya kukingama ambavyo kasha hukaa juu yake, kasha lenyewe, na vilivyomo ndani.

Natupige hesabu kama tuwafundishavyo watoto. Tuchukue paa ambalo kipimo chake ni kilo 80. Vyuma viwili na vifungio vyake, kilo 6. Kasha kubwa, kilo 20. Zimebaki kilo 54. Na mkungu mmoja wa ndizi za Tukuyu, ule ulioshiba, huweza kuwa na kilo 27. Basi mikungu miwili imekwisha kuimaliza haki ya paa, ingawa ukilifungua kasha utaliona bado lina uwazi mkubwa unaokuita uongeze wa tatu na wa nne. Uwazi ule ni mdanganyifu. Kasha hupimwa kwa lita na paa hupimwa kwa kilo, na mwenye gari akitii lita akasahau kilo, atakuwa amelidhulumu paa, na amejidhulumu nafsi yake na wale aliowapakia. Zaidi ya hayo kasha nalo lina kipimo chake, aghalabu kilo 50 au 75, na kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo katika viwili hivyo.

Kwa nini uzito wa juu uogopwe? Wazee wetu wa jahazi walilijua jambo hili kabla ya motokaa kuzaliwa. Nahodha huweka kizito chini katika ngama, na chombo kikiwa kitupu hutia farumi ya mawe au mchanga ili kisilale kwa upepo. Haweki farumi juu ya tanga. Gari nalo ni vivyo hivyo: mzigo ukiwa chini husaidia kulituliza, na ukiwa juu hulivuta lilale kila lipindapo kona. Haya magari marefu ya kwenda juu tayari yana uzito mwingi juu kuliko magari madogo, na njia ya Rungwe ni kona juu ya kona, nyingine katika mteremko, na lami iko maji. Tena kuna matuta. Kila kijiji kina matuta yake, na gari likiruka tuta, zile kilo 54 hazigongi paa kama kilo 54, bali hugonga kwa nguvu iliyozidi hiyo mara kadhaa. Nati hulegea kidogo kidogo wala hakuna asikiaye.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi na si ya gazeti la dini. Twawajibu kwa heshima. Katika Suratun Nahl, aya ya 7 na ya 8, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametukumbusha neema ya wanyama wabebao mizigo yetu mpaka nchi tusizoweza kuzifikia ila kwa mashaka ya nafsi, kisha akawataja farasi na nyumbu na punda, na akaongeza kwamba huumba tusivyovijua. Na wako wafasiri wa zama hizi wanaoviingiza vyombo vya leo katika maneno hayo. Na Imam Abu Daud amepokea habari ya ngamia aliyemwona Mtume, Sala na Amani zimshukie, katika bustani ya mtu wa Answari, akatoa sauti na macho yake yakamiminika machozi. Mtume akampangusa mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe, akamweleza kwamba mnyama yule amemshitakia kuwa anatiwa njaa na kuchoshwa kazi. Motokaa haina machozi. Lakini aliye ndani yake anayo, na mpita njia anayo, na watoto wa mpita njia wanayo.

Mkwe wetu aliliacha lile kasha kubwa akachukua la wastani, la lita kama 400, na hoja yake ilitupendeza: kasha dogo humfunga mikono mwenye tamaa. Tena alitazama jambo ambalo sisi hatungelifikiri kabisa, nalo ni upande wa kufungukia. Katika nchi yetu magari hupita kushoto, na gari likisimama hukaa ukingo wa kushoto wa njia. Basi kasha lifungukalo upande wa kushoto humweka mwenye kutoa mizigo penye majani, na lifungukalo kulia humsimamisha katika lami, mgongo wake ukielekea malori. Makasha yaliyofanywa kwa ajili ya nchi ambazo magari hupita kulia aghalabu hufunguka kulia, na ya mtumba kutoka Ulaya mengi ndiyo hayo. Lililo bora hufunguka pande zote mbili. Hilo ndilo alilolinunua, na alilipa zaidi, wala hatukumlaumu.

Kuhusu kufunga, tutasema kwa ufupi yale tuliyoyaona kwa fundi. Kwanza huwekwa vyuma viwili vya kukingama juu ya reli za paa, na nafasi baina yao hufuatwa kama ilivyoandikwa na aliyetengeneza kasha, si kwa kukisia. Vyuma hivyo viwe vya gari lile lile. Kulazimisha vya gari jingine kwa kuvipiga nyundo ni kujitafutia msiba. Kasha hukalishwa juu yake na kusukumwa mbele kiasi kwamba mlango wa nyuma ukifunguliwa haugongi. Kwa Prado si shida, maana mlango wake hufunguka kwa ubavu, lakini Harrier na Noah mlango huinuka juu, na tumeliona kasha zuri lililopasuliwa nyuma kwa kusahau jambo hili. Lakini lisisukumwe mbele hata likaning'inia juu ya kioo cha dereva, maana upepo huingia chini yake ukalinyanyua. Vifungio vinne hukazwa kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, kama vile nati za gurudumu. Mwisho fundi alilishika kasha kwa mikono miwili akalitikisa kwa nguvu zake zote, na gari zima likatikisika pamoja nalo. Akasema, "Hivyo ndivyo. Likicheza peke yake, hujafunga."

Fundi alitupa na ushauri mwingine: tupime urefu mpya wa gari na kuuandika. Tukapima, ikawa inakaribia mita 2 na nusu. Kijana wetu mdogo akaandika kwa karatasi na kuibandika mbele ya dereva, na karatasi ile ilituokoa mara moja mbele ya lango la nyumba ya wageni, ambako dereva alikuwa ameshaingiza gia.

Upakiaji wenyewe aliusimamia mama yao nyumbani, naye aliufanya kwa akili. Juu, ndani ya kasha, vilitiwa vitu vyepesi vyenye kuchukua nafasi: mablanketi, majaketi ya baridi, nguo za watoto, mikeka miwili, na vyandarua. Vilivyo vizito kidogo vikakaa katikati baina ya vile vyuma viwili, na miisho ikajazwa nguo laini. Vizito vyenyewe, yaani maji, mchele, vitabu na jeki ya gari, vilikaa sakafuni. Na yale ambayo mtu huyahitaji njiani hayakupanda juu hata kidogo: dawa, chakula cha watoto, birika la kutawadhia, misala na mas-haf. Si vema kila ufikapo wakati wa sala mtu apande juu ya gurudumu kutafuta msala, naye yuko kando ya barabara kuu. Kila begi lilifungwa kwanza katika karatasi nzito ya nailoni, maana kasha hukinga mvua lakini halikuapa kuzuia maji yote.

Mwenyezi Mungu akatujaalia tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Dua ya kupanda chombo, itokanayo na Suratuz Zukhruf aya ya 13 na ya 14, tuliwaachia watoto waisome, na sisi tukaitikia. Hatutaisimulia njia yote. Mikumi tulipita pole pole kwa ajili ya wanyama, na Mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya malori mpaka tukayajua majina yaliyoandikwa juu ya matela yake. Tulilala Makambako. Mkwe wetu alikuwa ameshika ada moja aliyofundishwa: baada ya kilomita 50 za kwanza alisimama akajaribu kila kifungio, na kweli kimoja kilikuwa kimelegea robo mzunguko. Kisha akajaribu tena kila tuliposimama kusali. Uyole alisimama kwa makusudi, kabla ya kuingia katika mlima, na Isongole akasimama tena kabla ya mteremko, ingawa mvua ilikuwa inanyesha na watoto walikuwa wanamlalamikia.

Pale Isongole, tulipokuwa tumesimama, ilitupita motokaa ya familia kama yetu, juu yake pana keria, na juu ya keria magunia ya viazi yaliyopangwa mawili mawili hata yakafanya kama ghorofa ya pili. Mbele ya pale njia hupinda. Tuliona gari likilala upande, likainuka, likalala upande wa pili. Halikuanguka, alhamdulillahi, lakini gunia la juu lilijitoa katika kamba likaanguka katikati ya lami na kupasuka. Lori lililokuwa likipanda kutoka upande wa Malawi lilikwepa, na tairi zake za nje zikaingia katika majani. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha wanavijiji, wanaume kwa wanawake, wakatoka mvuani wakaanza kuviokota viazi na kuvisogeza pembeni, kabla ya mwenyewe hajafika kutoka huko mbele alikosimama. Watoto wetu walikwenda kusaidia. Tuliwaambia baadaye, garini, kwamba Mtume, Sala na Amani zimshukie, ameihesabu kazi ile ya kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni tawi katika matawi ya imani. Basi na aangalie mtu asije akawa ndiye akiwekaye.

Tukuyu tulikaa siku nane. Waislamu wa pale si wengi wa hesabu, maana wamisionari wa Moravian walifika Rungwe tangu mwaka 1891 na kazi yao iliota mizizi, lakini udugu wao umekaza. Ijumaa tulisali msikitini huku mvua ikipiga mabati hata sauti ya khatibu ikawa yasikika kwa safu za mbele tu. Mwenyeji wetu ni shemeji ya mkwe wetu, na baba yake mzazi, mzee wa Kinyakyusa mwenye migomba nyuma ya nyumba mpaka macho yaishie, ndiye aliyetupa mtihani wa safari nzima.

Asubuhi ya kuondoka tuliamka tukakuta mikungu mitano imesimamishwa ukutani. Palikuwa na debe la parachichi na gunia dogo la maharage. Mzee alikuwa amekata ndizi zile mwenyewe, na miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Alilitazama kasha, akalipapasa, akasema, "Mwalimu, Mungu amewapa ghala. Leo hamna udhuru."

Na hapo ndugu msomaji atafahamu kwa nini tumesema jambo hili si la mafundi peke yao. Kukataa zawadi ya mzee mbele ya wanawe ni kumvunja moyo. Kuikubali yote ni kupakia juu ya paa kilo zaidi ya 100 na kuipanda Uporoto. Mkwe wetu alikaa kimya, maana yeye ni mkwe huko pia na hana ulimi. Ikawa ni sisi wa kusema.

Tulimshika mkono tukamwambia, "Ndaga fijo, baba. Zawadi yako tumeipokea yote, hakuna hata kidole cha ndizi kitakachobaki. Lakini tukubalie isafiri kwa njia mbili." Tukamweleza habari ya paa na kilo zake, na tukamkumbusha hadithi mashuhuri ya mtu aliyemwuliza Mtume juu ya ngamia wake, kama amfunge na kutegemea au amwache na kutegemea, naye akamwamrisha amfunge kisha ategemee, kama alivyoipokea Imam Tirmidhi. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza swali moja tu: "Na watoto wanakaa wapi humo?" Tukamwonyesha. Alivitazama viti viwili vya nyuma, akalitazama paa juu yake, akamwita mjukuu wake akamwambia alete mkokoteni.

Mkungu mmoja tuliutia ndani, sakafuni, baina ya viti, ukiwa umezungushiwa majani makavu ya mgomba. Maharage tukayaweka chini kwenye ule uwazi mwembamba wa nyuma. Parachichi ziligawanywa chini ya viti. Mikungu minne ilikwenda kwa mkokoteni mpaka kituo cha mabasi, ikaandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, na kupakiwa katika basi kama kifurushi. Gharama yake haikuzidi ile ambayo gari letu lingekula kwa mafuta ya kuibeba. Kwani hilo nalo ni jambo: Wizara ya Nishati ya Marekani imeeleza kwamba kasha kubwa juu ya gari huweza kuongeza hasara ya mafuta kwa asilimia 2 mpaka 8 katika mwendo wa mjini, 6 mpaka 17 katika barabara kuu, na kwa mwendo wa kasi zaidi hufika 10 mpaka 25. Ndiyo maana mkwe wetu hulishusha kasha lake kila safari ikiisha. Wako wanaoliacha mwaka mzima juu ya gari liwe pambo, wakienda nalo sokoni na kazini likiwa tupu, na hatujui waliite jina gani ila israfu.

Tuliondoka saa tatu, mvua imepumzika, Mlima Rungwe uko wazi mpaka kileleni kwa mara ya kwanza tangu tufike. Kiwira tukasimama. Mkwe wetu akakamata kasha kwa mikono miwili akalitikisa, na gari zima likatikisika nalo. Mikungu minne tuliipokea Morogoro siku ya tatu yake, mmoja umeanza kuiva, na majirani wakapata fungu lao.